Kutoka Kadi Hadi Mshahara: Njia ya Ajira kwa Mkazi Mwenye Ulemavu

Imenti Kusini ina shule inayojulikana mbali na mipaka ya Meru. Ni St. Lucy ya Igoji, inayofunza wanafunzi wasioona. Karibu na mji wa Meru iko Shule ya Viziwi ya Kaaga. Kwa miaka mingi shule hizi zimetoa vijana wanaosoma, wanaohesabu na wanaoweza kufanya kazi. Hata hivyo, wazazi wengi wa Nkubu, Kanyakine, Mitunguu na Kionyo hubaki na swali moja mtoto anapomaliza masomo: baada ya hapa, aende wapi?

Jibu lipo, lakini limegawanyika katika afisi nyingi. Sehemu moja iko hospitalini, nyingine kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, nyingine kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya, nyingine katika vyuo vya ufundi, na nyingine kwa mwajiri mwenyewe. Asiyejua mpangilio wa hatua hizi hutumia nauli kwenda na kurudi Meru mara nyingi, kisha hukata tamaa. Somo hili linaeleza njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho: haki zilizopo, karatasi zinazohitajika, mahali pa kupata ujuzi, na la kufanya mlango unapofungwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 54 kinaeleza haki za watu wenye ulemavu, ikiwemo kuheshimiwa, kufika mahali pa umma, na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayofaa. Kifungu hicho pia kinataka serikali ihakikishe, hatua kwa hatua, kwamba angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika nyadhifa za umma ni watu wenye ulemavu.

Sheria ya kwanza ya kina kuhusu jambo hili ilikuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, linalojulikana na wengi kama NCPWD. Mwaka wa 2025 nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya, ambayo Rais aliitia sahihi mwezi wa Mei. Sheria hii mpya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu.

Hesabu yake ni rahisi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 anatarajiwa kuwa na nafasi 1. Mwenye 40, nafasi 2. Mwenye 100, nafasi 5. Kwa hiyo sheria haizungumzii mashirika makubwa ya Nairobi pekee. Shule ya kibinafsi, kiwanda cha majani chai, chama cha ushirika au duka kubwa lolote lenye wafanyakazi 20 limo ndani yake.

Ni vyema pia kuelewa kile ambacho sheria haisemi. Haisemi kwamba mtu apewe kazi asiyoiweza. Inasema kwamba anayeiweza asinyimwe kwa sababu ya ulemavu, na kwamba vizuizi vinavyoweza kuondolewa viondolewe.

Hatua ya kwanza: kusajiliwa

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi. Kuhesabiwa katika sensa, hata hivyo, si kusajiliwa. Sensa huuliza swali nyumbani, ilhali usajili humpa mtu kadi yenye jina lake. Bila kadi hiyo, karibu kila huduma iliyotajwa katika somo hili inakwama.

Usajili huanza kwa tathmini ya daktari. Mwombaji hufika katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ambako jopo la wahudumu wa afya humpima na kujaza ripoti. Baadaye ombi huendelea kupitia mfumo wa eCitizen, na Baraza hutoa kadi. Baraza lina afisi katika kaunti zote 47, na mwombaji aliyekwama katika mtandao anaweza kusaidiwa huko.

Safari ya kwanza ndiyo huwachosha wengi. Jopo la tathmini mara nyingi huketi siku maalumu tu. Mtu anayetoka Mitunguu kwa matatu, akiwa na kiti cha magurudumu na ndugu wa kumsindikiza, hulipa nauli ya watu wawili na pengine nafasi ya mzigo. Akifika siku isiyo ya tathmini, amepoteza kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kusafiri ni lazima kuuliza, kwa simu au kupitia mhudumu wa afya wa kijiji, hospitali gani inafanya tathmini, siku gani, na mwombaji abebe nini. Kitambulisho, picha na rekodi za matibabu ya awali, kama zipo, ni vya kubeba bila kuulizwa.

Mtoto pia husajiliwa. Mzazi anayengoja hadi mwana amalize shule ndipo aanze kutafuta kadi huchelewesha ajira yake kwa miezi mingi. Anayemaliza kidato cha nne akiwa tayari na kadi huweza kuomba karo ya chuo, vifaa na kazi mwaka uo huo.

Hatua ya pili: ujuzi unaouzika

Serikali ya kitaifa, kupitia idara ya maendeleo ya jamii, huendesha vituo vya marekebisho na mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu. Kilicho karibu na wakazi wa Nkubu ni cha Embu, kwenye barabara iyo hiyo inayopita Igoji na Chuka. Kwa viziwi na wasioona kuna pia vyuo vya kiufundi vya kitaifa: Machakos, Sikri katika Kaunti ya Homa Bay, na Karen jijini Nairobi kwa viziwi.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kulingana na Katiba. Hivi si vyuo vya watu wenye ulemavu pekee, lakini havifai kuwafungia nje. Kijana asiyesikia anaweza kujifunza uchomeleaji, useremala, upishi au ushonaji akiwa na wenzake, iwapo mwalimu anaonyesha kwa mikono na kuandika maagizo ubaoni. Kwa mzazi anayechagua, swali la msingi ni hili: je, ujuzi huu una wateja mahali mtoto atakapoishi?

Eneo la Nkubu lina majani chai na kahawa upande wa mlimani, ndizi na kilimo cha kunyunyizia maji upande wa Mitunguu, maziwa karibu kila kijiji, na soko linalohitaji washonaji, watengenezaji simu, wahasibu wa maduka na wapokeaji simu. Kazi za kupima uzito wa maziwa, kuweka rekodi za ushirika, kupanga na kufungasha ndizi, au kushona sare za shule hazihitaji mwili wa aina moja. Zinahitaji mafunzo, uangalifu na mahali palipopangwa vizuri.

Karo isimzuie mtu kabla hajauliza. Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, iliyo chini ya Baraza, hutoa msaada wa masomo, vifaa kama viti vya magurudumu na fimbo nyeupe, na pia vyombo vya kazi. Fedha hizo haziwatoshi wote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ombi lililojazwa kikamilifu na kuwasilishwa mapema lina nafasi nzuri kuliko lile linalokosa stakabadhi.

Hatua ya tatu: kuomba kazi

Nafasi za kazi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Nafasi za kitaifa hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Baraza nalo lina jukwaa la kazi mtandaoni kwa waliosajiliwa. Mwombaji mwenye ulemavu anashauriwa mambo matatu.

La kwanza ni kuambatisha nakala ya kadi pale tangazo linapouliza kuhusu ulemavu. Mtu anayeficha ulemavu wake katika nafasi zilizotengwa hujiondoa mwenyewe katika hesabu ya asilimia 5.

La pili ni kusema mapema anachohitaji siku ya mahojiano. Asiyesikia aombe mkalimani wa lugha ya ishara. Asiyeona aombe mtihani wa Breli, wa kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, au msomaji. Anayetumia kiti cha magurudumu aulize kama chumba kiko ghorofa ya chini. Ombi hili liandikwe, hata kwa ujumbe mfupi, ili libaki kama ushahidi.

La tatu ni kujitayarisha kwa swali la ulemavu. Baadhi ya waajiri huuliza vibaya bila nia mbaya. Mwajiri akiuliza, "Sasa wewe, na mkono huo, utafanyaje?" jibu bora si hasira wala aibu. Mwombaji anaweza kusema, "Mzee, rekodi za maziwa nimeziandika kwa mkono wa kushoto kwa miaka miwili. Naomba nionyeshe." Onyesho la dakika tano hubadilisha mawazo kuliko maelezo ya saa nzima.

Mwajiri naye ana namna sahihi ya kuuliza: "Kazi yenyewe ni hii. Wewe ungeifanya vipi, na ungehitaji nini kutoka kwetu?" Swali hili linahusu kazi, linampa heshima mwombaji, na linampa mwajiri habari anayoihitaji kwa kweli.

Msaada kazini: mtindo wa kuweka kwanza, kufunza baadaye

Kwa muda mrefu, nchi nyingi ziliamini kwamba mtu mwenye ulemavu afunzwe kwanza katika karakana maalumu hadi "awe tayari", ndipo aajiriwe. Karakana hizo zilisaidia wengi. Nchini Kenya, Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kilianzisha karakana za Bombolulu huko Mombasa mwaka wa 1969, na kazi za mikono za mafundi wake zikajulikana hadi ng'ambo.

Hata hivyo, iligunduliwa kwamba wengine, hasa wenye ulemavu wa akili, walibaki katika mafunzo miaka nenda miaka rudi bila kuonekana "tayari". Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, ulianza mtindo mwingine: mtu anawekwa kwanza katika kazi ya kweli yenye mshahara, kisha anafunzwa papo hapo akiwa na mwelekezi kando yake. Mwelekezi huigawanya kazi katika hatua ndogo ndogo, huonyesha, hungoja, hurudia, kisha hupunguza msaada wake kidogo kidogo hadi mfanyakazi asimame mwenyewe.

Mtindo huu hauhitaji jengo wala bajeti kubwa. Katika duka la Nkubu, mwelekezi anaweza kuwa mfanyakazi mzoefu aliyepewa saa moja kila asubuhi kwa wiki sita. Kazi ya kupanga bidhaa inaweza kugawanywa hivi: kufungua katoni, kuangalia tarehe ya kuharibika, kuweka za zamani mbele, kukunja katoni. Picha nne zikibandikwa ukutani, kijana asiyesoma anaweza kufuata hatua zote bila kuuliza.

Mabadiliko mengine kazini ni ya gharama ndogo vilevile. Kwa asiyesikia, maagizo yaandikwe na taa itumike mahali pa kengele. Kwa mwenye ualbino, kazi za nje zipangwe asubuhi na jioni, na kofia na nguo za mikono mirefu zitolewe. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kizingiti kijazwe saruji kuwa mteremko, na meza iinuliwe kwa vipande vya mbao. Kwa anayeishi na ugonjwa wa akili, aruhusiwe kwenda kliniki bila kukatwa mshahara kwa ukali, na awepo mtu mmoja wa kuzungumza naye anapolemewa.

Sheria ya 2003 ilimwekea mwajiri wa kibinafsi nafuu ya ushuru: kuomba mapato yanayotozwa ushuru yapunguzwe kwa kiasi cha asilimia 25 ya mishahara anayowalipa wafanyakazi wenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama za moja kwa moja za kurekebisha mahali pa kazi. Mwajiri anayetaka nafuu ya aina hii anapaswa kuweka risiti na kupata maelezo ya sasa kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru kabla ya kujaza marejesho yake.

Msamaha wa ushuru kwa mfanyakazi

Mfanyakazi au mfanyabiashara mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kuomba cheti cha msamaha wa ushuru wa mapato. Kwa anayekubaliwa, KSh 150,000 za kwanza kila mwezi hazitozwi ushuru huo. Anayelipwa KSh 60,000 hatozwi chochote. Anayelipwa KSh 170,000 hutozwa kwa zile KSh 20,000 za juu pekee.

Mambo matatu hukosewa mara kwa mara. Kadi ya usajili peke yake si msamaha, kwani cheti huombwa kando kupitia Baraza na Mamlaka ya Ushuru. Cheti kina muda wake, na kikiisha bila kuhuishwa makato hurudi. Tena, cheti hakiondoi makato ya NSSF, ya bima ya afya ya jamii wala ada ya nyumba.

Inafaa pia kusema wazi kwamba msamaha huu huwafaa zaidi wenye mishahara ya kati na ya juu. Kibarua mwenye kipato kidogo hakatwi ushuru huo hata bila cheti. Kwake, msaada wenye maana ni vyombo vya kazi, mtaji na soko.

Kujiajiri: mtaji na zabuni

Mpango wa serikali unaoitwa AGPO hutenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Serikali za kaunti zimo ndani ya mpango huu. Usajili ni bure. Kwa kampuni au ushirika wa kibiashara, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe wa kundi husika, na uongozi wote uwe wao. Katika kikundi cha watu 10, hiyo ni watu 7 wenye ulemavu, na viongozi wote wakiwa miongoni mwao. Sharti hili liliwekwa ili mtu mwenye ulemavu asitumiwe kama jina tu katika karatasi, huku faida ikienda kwa mwingine.

Cheti cha AGPO hakileti zabuni, kinampa mtu ruhusa ya kushindana tu. Kabla ya kushindana, kikundi kijiulize: tukishinda, bidhaa tutanunua kwa pesa gani, na tutaishi vipi tukisubiri malipo? Kuanza na zabuni ndogo, kama sabuni, sare au vifaa vya afisi, ni salama kuliko kukopa sana kwa zabuni ya kwanza.

Kwa mtaji, Hazina ya Uwezo hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi kinahitaji kusajiliwa, kuwa na akaunti ya benki na kumbukumbu za mikutano. Mkopo ni mkopo, na hulipwa ili kikundi kingine nacho kipate.

Mlango unapofungwa

Anayeamini amebaguliwa aandike tarehe, mahali, jina la mhusika na maneno yaliyosemwa, siku iyo hiyo. Ahifadhi tangazo la kazi na ujumbe wote. Kisha awasilishe malalamiko kwa mwajiri mwenyewe kwa maandishi. Asiporidhika, anaweza kwenda kwa afisi ya leba, Baraza la Watu Wenye Ulemavu, Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kesi za ajira husikizwa na Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Wafanyakazi, na kwa kawaida madai hupaswa kufikishwa ndani ya miaka 3.

Kuna mlango mwingine unaofungwa kimya kimya, nao ni wa nyumbani. Familia humwambia kijana, "Wewe kaa tu, tutakutunza." Maneno hayo hutokana na upendo. Lakini wazazi huzeeka, na ndugu hupata watoto wao wa kusomesha. Kijana aliyekaa miaka 20 bila kazi hubaki bila ujuzi, bila akiba na bila sauti katika kugawa shamba. Kumpeleka kusajiliwa na kumruhusu ajaribu, hata akikosea, ni kumtunza kwa miaka ambayo wazazi hawatakuwepo.

Maswali ya kujadili katika vikundi na barazani

1. Ni wakazi wangapi wenye ulemavu katika kijiji hiki ambao hawajasajiliwa, na nani atawasaidia kujua siku ya tathmini ili wasafiri pamoja na kugawana nauli?

2. Ni waajiri gani wa karibu walio na wafanyakazi 20 au zaidi, na ni kazi gani kwao zinaweza kufanywa na mtu asiyesikia, asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu?

3. Fundi au mwenye duka anaweza kubadilisha nini wiki hii, kwa chini ya KSh 1,000, ili mtu mmoja zaidi aweze kuingia, kununua au kufanya kazi?